Atakayemshika Vidole Mkono

"Sasa wewe, Vidole, siku hiyo utashikwa mkono na nani?"

Aliyeuliza ni jirani yake, fundi cherehani wa mlango wa pili. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya Vidole, nywele zake nusu zimesukwa, nusu zimesimama kama zimeshtuliwa usingizini. Aliuliza kwa sauti nyepesi, kama mtu anayeuliza bei ya uzi. Lakini Vidole kazi yake ni vichwa vya watu. Alisikia ngozi ya kichwa kile ikikaza chini ya kucha zake, akajua swali lile lina safari ya kwenda mahali.

"Siku ipi?" akajifanya hajui.

"Makubwa! Siku ipi tena? Ya kura. Wewe mwenzetu huoni, na karatasi ina picha mbili. Nani atakuwekea alama? Baba watoto au mwanao?"

"Inua shingo, nisije nikakupeleka mstari kombo," Vidole akamjibu, na swali likaishia hapo kwa siku ile. Lakini lilikwisha kuingia ndani ya nyumba, likakaa.

Jina la Vidole si la kuzaliwa. Surua ilimchukua macho angali mtoto mdogo, akabaki na kumbukumbu za vitu vichache tu: ndoo nyekundu, moto wa jikoni, na uso wa mama yake akicheka. Dada zake walikuwa wakimpa vichwa vyao avichezee ili atulie, na mchezo ule ukageuka kazi. Alipokua, mtaa mzima haukuwa na msusi wa kumfikia. Mistari yake ilinyooka kama iliyopigwa rula, na wateja wenye macho yao mawili walijitazama kwenye kioo wakaishia kuguna.

Kazi aliifanyia kwenye kibaraza cha mbele. Kulikuwa na kiti chake chenye mto, kigoda cha mteja, kopo la mafuta upande wa kulia, vitana ndani ya bilauri upande wa kushoto. Hakuna aliyethubutu kuhamisha kitu pale, hata mumewe. Mteja akikaa, shingo ikilegea, na mdomo nao hulegea. Wanawake walimwambia yote: mume aliyebadilika, mkwe asiyeshukuru, mtoto aliyefeli, mimba ambayo mwenye nyumba hajaambiwa. Habari zilipita mikononi mwake zikaishia humo humo. Asubuhi kabla ya kufungua kibaraza alikuwa akimwomba Mungu ailinde mikono yake na aulinde mdomo wake, na kwa neema yake Mola vyote viwili vililindwa.

Mwaka ule habari ilikuwa moja tu. Baada ya kuvutana muda mrefu, serikali kuu na wakubwa wa jimbo walikubaliana kwamba wananchi wa jimbo waulizwe wenyewe: mnataka kubaki katika nchi hii kubwa, au mnataka kujitawala na kuwa na nchi yenu? Kwa kuwa si wote waliokaa darasani, karatasi ya kura iliwekwa picha. Nyumba ilikuwa ya kubaki. Ufunguo ulikuwa wa kujitawala. Basi watu wakaacha kuitana majina, ikawa huyu ni Nyumba, yule ni Ufunguo.

"Ninyi wa Ufunguo," wa Nyumba walikuwa wakisema, "mtafungua nini na nyumba mmeikimbia?"

"Na ninyi endeleeni kubisha hodi," walikuwa wakijibiwa, "mwenye mlango kalala na anakoroma!"

Nyumbani kwa Vidole pia palikuwa na pande mbili. Mumewe aliitwa Filimbi, kwa sababu maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa behewa la mwisho, yule anayepuliza filimbi ndipo garimoshi liondoke. Alikuwa amestaafu, lakini kila stesheni ya nchi ile alikuwa na mtu wake.

"Nimeivuka nchi hii tangu kichwa mpaka mkia," alikuwa akisema, kikombe cha chai mkononi. "Nimelala kwa watu, nimezika nao, nimeozesha nao watoto wao. Leo niende kwao nikaonyeshe paspoti? Niambiwe na mtu niliyekula naye sahani moja, 'Haya mgeni, umekuja kufanya nini?'"

Mtoto wao wa pekee alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya chini ya mtaa, na hoja yake haikuwa ya mchezo.

"Baba, dawa ya kifafa inasubiri sahihi ya mtu aliye mji mkuu. Hajawahi kuiona zahanati yetu, hajui hata kama ina paa. Mimi ndiye ninayemwambia mama wa mgonjwa arudi wiki ijayo. Na wiki ijayo namwambia hivyo hivyo."

"Sasa tukikata nchi vipande dawa zitashuka kutoka mbinguni?"

"Angalau nitamjua wa kumgombeza!"

"Msikie daktari," Filimbi alikuwa akisema, na wote wawili wakimgeukia Vidole. "Mama, si kweli?" "Mke wangu, si kweli?"

Naye alikuwa akisema chai inapoa.

Ukweli ni kwamba Vidole alikuwa na uamuzi wake. Alikuwa amesikiliza vichwa vya Nyumba na vichwa vya Ufunguo, akapima, akaomba, na asubuhi moja akiwa anachana nywele za mteja aliyesinzia, moyo wake ukatulia upande mmoja. Hakumwambia mtu. Sasa shida ikawa namna ya kuufikisha uamuzi ule kwenye sanduku la kura ukiwa mzima. Maofisa waliopita mitaani walieleza kwamba asiyeona ataruhusiwa kuja na mtu mmoja anayemwamini, mpiga kura mwenzake, naye ataapa kutosema alichokiona. Mmoja tu.

Filimbi alichukulia kwamba ni yeye. Alikwisha kupiga pasi shati. Muuguzi naye alichukulia kwamba ni yeye, akabadilishana zamu na mwenzake zahanati. Akienda na mume, mwana ataamini mama yake kaburuzwa. Akienda na mwana, mume ataona kaachwa na mke wake mbele ya mtaa. Lakini lililomkosesha Vidole amani zaidi lilikuwa jingine, nalo alimwambia Mungu peke yake: je, wangeweka alama pale alipotaka yeye?

Si kwamba walikuwa watu wabaya. Walimpenda mno, na mapenzi yao yalikuwa na mkono mrefu. Filimbi aliwahi kutumwa kitambaa cha gauni cha buluu akarudi na cha kahawia, akaapa ni buluu ile ile ya bahari, kwa sababu kahawia haionyeshi uchafu na aliona inampendeza. Vidole alilivaa miezi, akijisikia wa buluu, mpaka mteja mmoja alipomsifia, "Kahawia inakukaa!" Mwanawe naye alikuwa na tabia ya kusaga vidonge vya presha akavikoroga ndani ya chai ya mama yake asimbishie. Watu wa namna hiyo, ukiwaambia weka hapa, wanaweza kuweka pale kwa ajili ya faida yako.

Ndipo akamfikiria fundi cherehani. Alikuwa mcheshi, tena karibu, tena mwepesi kuombwa. Vidole akaona amjaribu kwanza kwa kitu kidogo. Siku alipokuja kumaliziwa nywele, akamnong'oneza, "Nikuambie jambo, lakini liishie kwako. Nataka niupake mlango wangu rangi ya kijani. Sijamwambia hata mzee."

"Mimi? Kaburini nitaingia nalo," akasema fundi cherehani.

Mteja aliyefuata hakukaa vizuri akauliza, "Kumbe unapaka mlango?" Wa baada yake akasema, "Hongera, dada, umejitokeza." Vidole akashangaa, kujitokeza wapi? Haukupita muda Filimbi akaingia, viatu vyake vinagonga sakafu kwa hasira.

"Kijani, mke wangu? Kijani? Nimeambiwa kwenye duka la mafuta ya taa, mbele ya watu!"

Hapo ndipo Vidole alipokumbuka. Wa Nyumba walikuwa wakivaa buluu, na wa Ufunguo kijani. Yeye asiyeona rangi alisahau kabisa kwamba siku zile rangi nazo zilikuwa zimeingia kwenye siasa. Kwa mzaha wa mlango alikuwa ameshatangazwa mtaa mzima. Muuguzi alirudi jioni akamkumbatia mama yake mpaka mbavu zikalia. Filimbi alikunywa chai bila sukari ili watu waone amekasirika, na hakuna kitu anachokichukia kama chai bila sukari.

"Mlango utabaki na rangi yake," Vidole akawaambia. "Kwanza ni rangi gani?"

Wakatazamana. Filimbi akaenda kuutazama. "Hauna rangi," akakiri. "Ilibanduka zamani." Wakajikuta wanacheka wote watatu, na sukari ikaingia kwenye chai.

Lakini siku ilikuwa inakaribia, na swali la jirani lilikuwa bado halina jibu. Akaomba tena, na katika kuomba akamjia mtu ambaye hakumtegemea: wifi yake.

Wifi huyu ni dada mkubwa wa Filimbi, muuza sufuria sokoni, mwanamke mkavu wa maneno. Yeye ndiye aliyeleta uchumba bila kukusudia. Alikuja kusukwa, mvua ikamfungia, mdogo wake akamfuata na mwavuli, na mvua ilipokwisha mdogo wake hakutaka kuondoka. Siku ya kupeleka posa, wifi alisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema, "Mimi sikubali. Mdogo wangu atachoka, na huyu binti ataumia." Alisema hivyo Vidole akiwa amekaa pale pale. Hakungoja atoke. Posa ilipokelewa, ndoa ikafungwa, lakini maneno yale yalimkaa Vidole kifuani kwa muda mrefu, na mawifi hawa wakaishi kwa salamu na heshima, mengine hakuna.

Isipokuwa mara moja. Siku aliyojifungua, Filimbi akiwa safarini, wifi ndiye aliyekuwa kando ya kitanda. Vidole alimsikia mtoto akilia na hofu ikamshika kama homa. "Wifi," alisema, "mchukue huyu mtoto. Mpeleke kwa mtu mwenye macho. Mimi nitamwangusha." Wifi hakumkemea, wala hakumbembeleza. Aliuchukua mkono wake, akauweka chini ya shingo ya mtoto, akasema, "Hapa. Ukishika hapa hawezi kuanguka." Akavuta kiti, akakaa mpaka kukapambazuka.

Baadaye, nguvu ziliporudi, Vidole aliona aibu kwa maneno aliyoyasema, akaanza kuyangoja yarudi. Maana mtaa ule, habari ikishatoka, lazima siku moja ije ikae kwenye kigoda chake. Aliyangoja mtoto akitambaa, akayangoja mtoto akianza shule. Mtoto akaota ndevu, akawa muuguzi, na maneno yale yalikuwa hayajafika.

Basi akachukua fimbo yake akaenda sokoni, akifuata mlio wa nyundo, kwa kuwa wifi alikuwa na desturi ya kunyoosha mwenyewe mifuniko iliyobonyea.

"Wifi, nimekuja. Nataka unipeleke kupiga kura."

Nyundo ikanyamaza.

"Mimi?"

"Wewe."

"Unaona nilichofunga kichwani?"

"Sioni."

Wifi akacheka bila kupenda. "Haya, nimekosa. Ni kitambaa cha kijani, kina picha ya ufunguo mbele kama taa ya pikipiki. Soko zima linanijua. Mumeo hanisalimii vizuri tangu nikifunge. Sasa nikikupeleka mimi atasemaje?"

"Atanuna. Kisha atakula."

"Na kama wewe ni wa Nyumba?"

"Sijasema mimi ni wa nani."

"Ndiyo nakuuliza sasa. Kama ni wa Nyumba, mkono wangu huu ukuwekee Nyumba?"

"Ungeweza?"

Wifi aliugeuza mfuniko, akaupangusa, akauweka juu ya wenzake. "Ningeumwa tumbo," akasema mwishowe. "Lakini ningeweka."

"Na kama ungeshindwa?"

"Ningekwambia pale pale. Nitakaaje nalo?"

"Basi ndiyo maana nimekuja kwako," Vidole akasema. "Wewe ulinikataa ukiwa umenitazama. Wengine wananipenda halafu wananivalisha kahawia."

"Kahawia gani tena?"

Akamweleza habari ya gauni. Wifi alicheka mpaka akashika meza ya sufuria, na sufuria nazo zikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Vidole kusikia kicheko chake kizima, akashangaa kwamba kilifanana na cha Filimbi.

Jioni ile aliwaambia watu wake. Filimbi akaweka kikombe chini. "Dada yangu? Yule wa kijani?" Muuguzi akapiga kofi la furaha, lakini mama yake akamkata. "Usishangilie, wewe nawe sikukuchagua." Filimbi ndiye aliyeumia zaidi. Alikaa akichezea ukingo wa kitambaa cha meza, kisha akauliza taratibu, "Huniamini, mke wangu?"

"Nakuamini kwa maisha yangu, baba. Unanivusha barabara kila siku. Lakini hii ni kura yangu moja, nataka nikaivushe mwenyewe."

Kesho yake asubuhi, siku ya kura, Filimbi akalivaa vile vile lile shati alilolipiga pasi, akaenda na mkewe mpaka kituoni, maana kusindikiza hakukukatazwa. Muuguzi akaenda upande wa pili.

Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi. Foleni ilizunguka uwanja, na Vidole aliijua kwa sauti na kwa vichwa. Wengi walikuwa na mistari yake. Wifi alipofika akamshika mkono, watu wakaanza.

"Jamani, leo mawifi wameshikana mikono! Kwani kura ya nini tena? Nchi imeshaungana!"

"Ngojeni watoke, muone kama wote wana nywele!"

Mlangoni msimamizi kijana akauliza, "Mama, huyu ni nani wako?"

"Wifi yangu."

"Wifi? Na ndiye unayemwamini?"

"Ndiye."

Msimamizi akatikisa kichwa, akamwapisha wifi. Wifi aliapa kwa sauti ile ya kuuzia sufuria, mpaka waliokuwa mwisho wa foleni wakasikia kwamba hatasema kitu. Wakaingia, wakakaa nyuma ya kizuizi cha karatasi ngumu, wakatoka. Vidole alikuwa na wino kwenye kidole gumba na uso wa mtu aliyeshiba. Alimshika mumewe mkono, wakarudi nyumbani taratibu, na njiani akauliza kuna mawingu au hakuna.

Nyumba ilishinda, si kwa mbali. Filimbi hakupiga kelele, kwa kuwa mwanawe alikuwa mezani ameinamisha kichwa. Alimmiminia chai, akasema, "Daktari, tutakwenda wote mji mkuu kumtafuta huyo mtu wa sahihi. Namjua mkuu wa stesheni ya huko." Na hakika wakubwa wa mji mkuu walikuwa wameona ni kura chache tu zilizowaokoa, wakaanza kusikiliza. Siku hizi zahanati inaagiza dawa zake yenyewe, na muuguzi, ingawa hakusahau Ufunguo wake, analala vizuri. Wifi kile kitambaa cha kijani anashikia sufuria za moto. Na jambo moja limebadilika kibarazani: siku soko likilala, yeye huja kusukwa, anakaa kwenye kigoda, na wanaongea mpaka chai inapoa.

Baba na mwana walijaribu kumpeleleza. Filimbi alimwita dada yake pembeni, akampa kiti, akampa soda. "Dada, mimi ni damu yako. Aliweka wapi?"

"Hata mimi sijui."

"Utakosaje kujua nawe ulikuwa ndani?"

"Nimekwambia sijui," akasema wifi, akamaliza soda, akaenda zake. Muuguzi naye alijaribu, akapewa jibu lile lile. Mpaka leo wanaamini anaficha kwa sababu ya kiapo. Lakini wifi hajui kusema uongo, na hata siku ile hakusema.

Ilikuwa hivi. Nyuma ya kile kizuizi palikuwa na meza yenye mguu mfupi, kibweta cha wino, na ile karatasi. Vidole alipapasa karatasi kutoka ukingo hadi ukingo. Ilikuwa nyororo tu, haikumwambia kitu, yeye ambaye kila kitu huambiwa na mikono yake. Wifi akainama, pumzi yake ikamfikia sikioni.

"Haya, niambie," akanong'ona. "Niweke wapi?"

Vidole akachovya kidole gumba kwenye wino, akampa wifi yake mkono.

"Usiweke wewe," akasema. "Kipeleke kidole changu kwenye Nyumba, kisha kipeleke kwenye Ufunguo, nijue kila kimoja kiko wapi. Halafu naomba ugeuze uso, wifi yangu."